Somo kwa Wazazi: Vijana Watatu wa Schaerbeek

Siku moja baada ya Noeli ya mwaka 2014, katika mji wa Brussels, nchi ya Ubelgiji, ulichezwa kwa mara ya kwanza mchezo wa kuigiza uitwao Djihad. Aliyeutunga ni Ismaël Saidi, Mbelgiji aliyezaliwa na wazazi wa Kimoroko, Mwislamu mwenye kushika dini yake, ambaye kabla ya kujitia katika kazi ya michezo alikuwa askari polisi. Mchezo ulikusudiwa kuonyeshwa mara tano tu, kisha uwekwe. Lakini siku 12 baadaye, tarehe 7 Januari 2015, watu 12 wakauawa mjini Paris katika shambulio la gazeti la Charlie Hebdo, na ghafla kila mzazi na kila mwalimu wa nchi zile akawa anauliza swali lile lile ambalo mtungaji huyu alikuwa amekwisha lijibu jukwaani. Waziri wa elimu wa Wabelgiji wasemao Kifaransa akautangaza mchezo kuwa wenye manufaa kwa umma. Wanafunzi wakapelekwa makundi kwa makundi kuutazama, na katika miaka michache hesabu yao ikafika makumi ya maelfu.

Wiki hii twapenda kuuchambua mchezo huo pamoja nanyi, akina baba na akina mama. Hatusemi kwamba ni kazi kubwa kupita nyingine zote. Wako watungaji wenye ufundi zaidi. Twauchagua kwa sababu unaingia mahali ambapo hotuba nyingi juu ya vijana hazifiki, yaani ndani ya nyumba, wakati wa chakula cha jioni, pale mzazi anaposema neno moja na mtoto akanyamaza.

Jina la mchezo lisimtishe msomaji, wala lisimfurahishe yule atafutaye sababu ya kumshutumu jirani yake Mwislamu. Saidi amewaandikia kwanza watu wa dini yake mwenyewe, na ukali wake umewaelekea wa nyumbani kabla ya kuwaelekea wa nje. Mtu wa namna hiyo yafaa asikilizwe kwa heshima, kama sisi tungalivyopenda kusikilizwa siku tunapojikosoa wenyewe.

Hadithi yenyewe ni fupi. Vijana watatu, Ismael, Ben na Reda, wote wa mtaa wa Schaerbeek mjini Brussels, wanafunga safari kwenda kupigana Syria, nchi ile wazee wetu waliyoiita Shamu. Wanangoja ndege, wanapanda, wanafika Istanbul, wanaendelea mpaka jangwani kwenye vita. Njiani wanataniana, wanagombana kwa mambo madogo, kila mmoja anajifanya shujaa mbele ya wenzake na huku magoti yanamtetemeka. Watazamaji hucheka sana. Na jambo moja linaonekana upesi: hiyo dini wanayokwenda kuifia hawaijui. Wameokota maneno hapa na pale, hili la haramu na lile la kafiri, nao wameyafunga kitita kimoja na kukibeba kichwani. Kule vitani wanakutana na Michel, Mwarabu aliye Mkristu, nao wanashangaa kwamba kitu kama hicho kipo duniani. (Damasko ndiko Mtakatifu Paulo alikobatizwa, Wakristu wako Syria tangu siku za Mitume, nao humwita Mungu kwa neno lile lile la Kiarabu analolitumia jirani yao Mwislamu.) Kati ya vijana watatu, ni mmoja tu anayerudi kwao.

Hapo ndipo somo letu linapoanza. Saidi hakuwafanya vijana wake kuwa majambazi, wala wendawazimu, wala watu waliokufa njaa. Kila mmoja wao alikuwa na kitu alichokipenda sana, kitu kizuri au walau kisicho na dhambi, na kila mmoja alinyang'anywa kitu hicho na watu waliompenda.

Ismael alikuwa na kipaji cha kuchora. Alipenda vitabu vya katuni vya Kijapani, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Akaambiwa kwamba kuchora viumbe ni haramu. Basi, kalamu ikawekwa chini. Hakuna aliyemweleza kwamba Waislamu wenyewe wamelijadili jambo hilo kwa karne nyingi. Kwamba wapo wanaolikataza kabisa na wapo wanaoliruhusu kwa mipaka. Kwamba vitabu vya kale vya Uajemi na vya Uturuki vimejaa picha za watu na farasi zilizochorwa na Waislamu wachaji. Na sisi Wakristu tusijione tu safi hapa. Nasi tuligombana juu ya sanamu hata damu ikamwagika. Mtaguso wa Pili wa Nisea ulitoa hukumu mwaka 787, na hata baada yake ugomvi uliendelea miaka mingi. Kijana anapopewa jibu moja la swali lenye historia ndefu kama hiyo, naye akaambiwa kwamba hakuna jingine, huwa amenyimwa vitu viwili: kalamu yake, na haki ya kufikiri.

Reda alimpenda msichana aitwaye Valérie. Alitaka kumwoa. Mama yake akakataa, kwa kuwa msichana hakuwa Mwislamu, na mambo yakaishia hapo.

Twawaomba wasomaji wetu wasipite mahali hapa haraka. Ni nyumba ngapi za Wakatoliki ambamo maneno ya mama yule yamesemwa, tena kwa sauti kali kuliko yake, juu ya mchumba wa dini nyingine, au wa dhehebu jingine, au, jambo la aibu zaidi, wa kabila jingine? Hatusemi kwamba tofauti ya dini katika ndoa ni jambo dogo. Si dogo: yuko mtoto atakayezaliwa, iko sala ya jioni, uko msiba wa siku moja na namna ya kuzika. Lakini hata sheria ya Kanisa haiishii kwenye neno hapana. Kanuni ya 1086 yaweka kizuizi kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa, kisha papo hapo yaonyesha njia ya kupewa ruhusa, na masharti yake, na sababu za masharti hayo. Mtu huketi na padre, akaulizwa, akaelezwa, akasikilizwa, na yule mwenzake naye huarifiwa ahadi ambazo Mkatoliki ameziweka. Mzazi anayemwambia mwanawe "katika nyumba hii hatuoi watu wa namna hiyo" na kutoka chumbani, amekuwa mkali kuliko Kanisa lake, na tena hakufundisha neno lo lote.

Sasa Ben, ambaye kwa maoni yetu ndiye moyo wa mchezo wote, ingawa ndiye anayechekesha kuliko wenzake. Ben alimpenda Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani. Alizijua nyimbo, alijua mavazi, alisafiri hata nyumbani kwa mwimbaji huyo huko Graceland, kama watu waendavyo hija. Na kule akagundua kwamba jina la pili la Elvis lilikuwa Aaron. Aaron! Jina la Kiyahudi! Basi mpenzi wake ni Myahudi, na Ben tangu utoto alikuwa amefundishwa mtaani kwamba Myahudi ni adui. Mapenzi ya miaka yote yakatupwa siku ile.

Watu hucheka hapo kwa sauti kubwa, na wana haki. Lakini sisi tusomao Kiswahili tunaweza kucheka na kulia zaidi kuliko watu wa Brussels, kwa maana Aaron ni Haruni. Ni nani katika pwani yetu asiyemjua Haruni? Mtoto wa jirani anaitwa Haruni, fundi cherehani anaitwa Haruni. Katika Kurani, Haruni ni nabii, ndugu yake Musa, na hutajwa kwa heshima. Kijana yule alimtupa mwimbaji wake kwa ajili ya jina ambalo kitabu chake mwenyewe kinalitukuza. Laiti angalikuwapo mzee mmoja, shehe mmoja, mjomba mmoja, wa kumwambia: "Mwanangu, hilo ni jina la nabii." Maneno machache tu. Hakuwapo.

Wala kicheko hicho si cha bure. Katika mji ule ule wa Brussels, tarehe 24 Mei 2014, miezi saba kabla ya mchezo huu kuonyeshwa, mtu aliyekuwa amerudi kutoka Syria aliingia katika Jumba la Makumbusho la Wayahudi akapiga risasi, na watu 4 wakafa. Chuki aliyoichekea Ben ilikuwa imekwisha ua. Na hapo tena tukumbuke ya kwetu: kwa karne nyingi Wakristu nao walifundisha watoto wao kuwadharau Wayahudi, mpaka Mtaguso wa pili wa Vatikano ukalikataa jambo hilo waziwazi katika tamko la Nostra Aetate, tarehe 28 Oktoba 1965.

Basi tazameni jinsi waandikishaji wanavyofanya kazi. Hawaanzi na bunduki. Huko Antwerp, tangu mwaka 2010, kulikuwa na kundi liitwalo Sharia4Belgium, lililohubiri barabarani na kuwakusanya vijana. Mwezi wa Februari 2015 mahakama ililihukumu kuwa kundi la kigaidi, na kiongozi wake akapewa kifungo cha miaka 12. Wabelgiji zaidi ya 400 walikwenda kwenye vita vya Syria na Irak, na kwa kulinganisha na idadi ya watu hakuna nchi ya Ulaya ya magharibi iliyotoa wengi kama hiyo. Kijana aliyekubali alipewa kwanza kiti. Akapewa wenzi waliomwita ndugu. Akapewa kazi, na wakubwa waliomwona kuwa mtu wa maana. Hata jina jipya akapewa: yule ambaye nyumbani alikuwa mvivu, mkaidi, hasara ya baba yake, kule akaitwa Abu fulani, na jina likamkaa vizuri kama kanzu mpya. Waandikishaji walijua jambo ambalo wazazi walikuwa wamelisahau, kwamba moyo wa kijana uliotolewa kitu haukai mtupu.

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na wazazi hupenda sana kututajia methali hiyo kila tunapozungumza habari za malezi. Ni ya kweli. Lakini akunjaye samaki hutazama anamkunja kuelekea wapi. Wale watatu wa Schaerbeek walikunjwa sana. Walikatazwa asubuhi na jioni. Kukatazwa hakukupungua katika nyumba zao. Kilichopungua ni neno lifuatalo baada ya katazo, yaani "kwa sababu", na baada ya hilo, neno jingine lililo gumu zaidi kwa mzazi: "wewe waonaje?"

Hapa msomaji mwenye busara atatupinga, na tungependa atupinge. Atasema: Ni wangapi waliokatazwa kuchora, wakanyimwa wachumba, wakadharauliwa mitaani na kukosa kazi, wala hawakushika bunduki? Ni kweli, tena ni kweli kubwa. Tarehe 22 Machi 2016 mabomu yalilipuka katika uwanja wa ndege wa Brussels na katika treni ya chini ya ardhi, watu 32 wakauawa. Wale waliokwenda uwanja wa ndege walitoka asubuhi hiyo katika nyumba moja ya Schaerbeek, mtaa ule ule wa mchezo wetu. Mmoja wa waliojilipua alikuwa amekulia katika mtaa huo na kusoma katika shule ya Kikatoliki. Alikuwa na ndugu mdogo, tumbo moja, nyumba moja. Mwezi wa Mei mwaka ule ule ndugu yake huyo alisimama katika mashindano ya Ulaya ya mchezo wa taekwondo, amevaa rangi za Ubelgiji, akashinda nishani ya dhahabu.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mlango uliofungwa ndio uliomtuma mtu kuua. Aliyeua aliua kwa hiari yake, na lawama ni yake. Saidi naye, twaona, hakuwaondolea vijana wake lawama, wanalipa. Tunalosema ni dogo kuliko hilo, lakini lamhusu mzazi: hujui ni yupi kati ya watoto wako wawili atakayeubeba uchungu ule akautupa njiani, na ni yupi atakayekwenda nao mbali.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Katika nchi jirani ya Kenya, alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Wakristu, na waliouawa walikuwa 148, karibu wote wanafunzi. Mmoja wa wauaji hakuwa maskini wala mjinga. Alikuwa amesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu katika Mandera, na msemaji wa serikali alieleza kwamba mzee huyo alikuwa amekwisha wapa wakuu habari ya kupotea kwa mwanawe, akihofu ya kuwa amevuka kwenda Somalia. Twamfikiria baba huyo mara nyingi. Alifanya lililo zito kuliko yote ambalo mzazi anaweza kufanya, akaenda mwenyewe kusema. Lakini siku ile mwana alikuwa amekwisha toka mkononi.

Wako wazazi, na walimu pia, wanaoona kwamba dawa ni kunyamaza. Kwamba kuonyesha mambo haya mbele ya vijana ni kuwafundisha wasiyoyajua. Oga huo haukuanzia kwetu. Mwaka 2015 huko London, mchezo uitwao Homegrown, uliohusu vijana kuvutwa na itikadi kali, na ambao ungechezwa na vijana wenyewe zaidi ya mia, ulifutwa kabla ya kuonyeshwa. Hatukuuona, basi hatuwezi kuuhukumu. Lakini tunajua lililotendeka Brussels mahali ambapo hawakunyamaza. Kila mara mchezo wa Djihad ulipokwisha mbele ya wanafunzi, taa ziliwashwa, na mazungumzo yakaanza. Saidi, ambaye mwenyewe alicheza nafasi ya Ismael, aliketi na wenzake wakajibu maswali, hata ya matusi. Kwa maoni yetu mazungumzo hayo yalikuwa na thamani sawa na mchezo, pengine zaidi. Kijana alicheka pamoja na Ben kwa saa nzima, na sasa aliulizwa alikuwa akicheka nini.

Jambo kama hilo halihitaji jukwaa la Ulaya. Parokia zetu zina vikundi vya maigizo, shule zetu zina kumbi, na katika jumuiya ndogondogo watu huketi pamoja kila wiki. Wachezeni Ben na Haruni wake. Wachezeni mama yake Reda, naye asifanywe mchawi, kwa maana hakuwa mchawi, alikuwa mama aliyeogopa. Kisha viti vigeuzwe, na vijana waachwe waseme. Tena pawepo mzee mmoja anayeijua dini vizuri, na ikiwezekana jirani Mwislamu aliye mjuzi wa dini yake, kwa kuwa maswali yatakayotoka hayatajibiwa kwa kukunja uso. Na mzazi asiye na kikundi wala ukumbi, jioni moja amwulize mwanawe swali ambalo hakuna aliyemwuliza Ismael: Siku hizi mbona huchori?

Tulitaja mama aliyeogopa. Tunamaliza na mama mwingine, ambaye si wa jukwaani. Tarehe 26 Julai 2016, huko Saint-Étienne-du-Rouvray katika Ufaransa, Padre Jacques Hamel, mzee wa miaka 85, aliuawa kanisani wakati wa Misa ya asubuhi na vijana wawili, kila mmoja wa miaka 19. Mmoja wao alikuwa amejaribu mara mbili kwenda Syria na kukamatwa. Alikuwa akikaa kwa wazazi wake chini ya ulinzi wa mahakama, na mama yake alikuwa amehangaika kumrudisha asimpate. Baada ya mazishi, Roseline Hamel, dada yake padre, alianza kumfikiria mwanamke yule: naye amempoteza mtu, tena hana wa kumfariji. Akaenda kumtafuta. Wakaketi pamoja, dada wa aliyeuawa na mama wa aliyeua, Mkristu na Mwislamu, na baada ya siku ile wakazidi kutembeleana.